Jina la Mkwe Ndani ya Vidoti

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu Agness, Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukimenya ndizi za mchana. Alisimulia huku anacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Mwisho akaniambia, "Bibi, andika yote. Ila jina la yule mzee utalitaja wewe. Mimi siwezi."

Nitalitaja. Si mkwe wangu.

Aliyesoma wiki iliyopita anakumbuka tulimwacha wapi. Agness ana steshenari pale Tukuyu mjini: chumba kimoja, kompyuta moja, na mashine ya kutoa kopi yenye kiburi. Kwenye kompyuta ile kulikuwa na brauza ya kampuni, ile yenye duara la rangi nyingi, ambayo watu hupitia kuingia mtandaoni. Tabia yake ni kukumbuka. Mteja akitafuta kitu leo, yenyewe inakiweka.

Mwalimu Beatrice alikuja kutafuta mfano wa daftari la mahudhurio. Akaandika herufi mbili tu, brauza ikammalizia mbele ya watu: "dawa ya kumrudisha mume aliyehamia chumba cha watoto."

Nani aliyeitafuta dawa hiyo hajulikani mpaka leo. Lakini kompyuta ni ya Agness, kwa hiyo na mume akawa wa Agness. Habari ilifika Mpuguso kabla hajafunga duka.

Tangu siku hiyo wateja wakawa wanaingia wawili wawili. Mmoja anatoa kopi, mwingine anamwangalia Agness usoni.

Sasa tuendelee.

Jumatano alimwita Jaffari, fundi wa kompyuta wa pale pale mtaani. Jaffari alikaa, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Dada, hii ya rangi itoe. Nakuwekea hii ya buluu."

"Tofauti yake nini? Zote si za bure?"

"Za bure zote. Ila wewe umeolewa Kisondela, mche wa kubebesha unaujua?"

"Nani asiyeujua?"

"Basi. Chini kuna shina la parachichi la kienyeji, ambalo mtu yeyote anaotesha. Juu wanabebesha kijiti cha Hasi, lile parachichi la kuuzwa nje, ndipo unaitwa mche wa biashara. Hii ya buluu ndiyo shina. Jinsi ilivyotengenezwa imewekwa wazi, anayetaka aangalie, anayejua aongeze. Ya rangi ni shina hilo hilo, kampuni imebebesha vya kwake juu. Ndivyo hivyo vinavyokumbuka kila kitu."

Safina, jirani anayeuza vitenge mlango wa pili, alikuwa amesimama kizingitini anasikiliza. Safina hapitwi.

"Jaffari, parachichi la kienyeji nani ananunua siku hizi?"

"Halinunuliwi, Safina, linaliwa. Tena tamu kuliko la kwako la biashara."

"Mimi ningebaki na ya rangi," Safina akasema. "Inakujua. Inakufungulia mlango kabla hujabisha hodi."

"Inamfungulia na Mwalimu Beatrice," Agness akajibu. "Toa, Jaffari."

Jaffari akauliza swali moja kabla ya kufuta. Aliliuliza vizuri, wala hatuwezi kumlaumu.

"Paswedi zako unazo? Maana nikiifuta hii inaondoka nazo. Na hii mpya, kwa sababu ni ya duka, nimeifunga mdomo. Haitakumbuka cha mtu yeyote, hata cha kwako."

Hapa mjukuu wangu aliacha kumenya ndizi. Aliniambia kwa sauti ndogo sana.

"Bibi, nilimwambia ninazo."

Hakuwa nazo. Akaunti zote zilifunguliwa na mume wake, Lugano, miaka miwili iliyopita. Yeye alizoea kufungua ukurasa na kukuta vidoti vimejipanga vyenyewe kumi na tatu, anabonyeza, anaingia. Sasa mtu mwenye diploma ya kompyuta atamwambiaje fundi kwamba hajui vidoti vyake vimeficha nini? Aliona haya. Akafutiwa.

Alhamisi ilipita salama. Brauza ya buluu ilikuwa nyepesi, haimchongei mtu. Agness akaanza kujisifu.

Ijumaa saa saba mchana Lugano akapiga simu. Alikuwa kwenye lori la ndizi kuelekea Dar es Salaam, na kelele za injini zilikuwa nyingi kuliko maneno.

"Mama Nelson! Umeitwa!"

"Na nani?"

"Usaili! Ile kazi ya karani wa kompyuta, kituo cha parachichi Kisondela! Ujumbe umeingia kwangu sasa hivi. Wanasema uingie kwenye akaunti uthibitishe kabla ya saa kumi na moja leo. Usipothibitisha wanampa mwingine!"

Agness alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Miaka mitatu anaomba kazi. Miaka mitatu anawaandikia wenzake barua za maombi, wenzake wanapata, yeye anabaki kuwatolea kopi. Na kwa hali ya duka baada ya ile dawa, kazi hii ndiyo iliyokuwa njia yake ya kutoka.

"Lugano, paswedi!"

"Si unayo?"

"Nimeifuta! Ni nini?"

"Ni jina la baba na mwaka wake wa kuzaliwa. Herufi ya kwanza kubwa."

"Jina la nani?"

"La baba! Andika tu jina la—"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Niseme kidogo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani anatoka njiani. Hasemi naye, na jina lake halimtoki mdomoni. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, lakini Agness nilimlea mimi na nilimfundisha mimi, na siku anaolewa nilimwapisha mimi. Kwa hiyo shida nyingine ya siku ile ilikuwa ya kwangu.

Alijaribu kuandika. Kidole kilifika juu ya herufi ya kwanza, kikasimama. 

Pale kwenye ukurasa kulikuwa na maneno ya kumsaidia aliyesahau. Lakini namba ya kufungulia inatumwa kwenye simu ya Lugano, na simu ya Lugano ndiyo hiyo imepotelea njiani. Halafu chini, kwa maandishi mekundu: ukikosea mara tatu akaunti inafungwa mpaka kesho.

Akamwita Safina.

"Shoga, njoo uniandikie jina."

"La nani?"

"La baba yake Lugano."

"Anaitwa nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Safina alimtazama. "Agness, mkwe wa kwako, uniulize mimi?"

"Mimi namjua. Ila sisemi. Wewe sema, nikisikia ndilo nitakutingishia kichwa."

"Mimi namwita Mzee Mwakipesile."

"Hilo la ukoo. Siyo hi—"

Safina alikuwa ameshaandika na kubonyeza. Mkono wake ni mwepesi, amezoea kukata vitambaa.

Umekosea. Zimebaki mara mbili.

"Safina!"

"Si umesema sema!"

"Nimesema sema, sikusema bonyeza!"

Saa nane na nusu wakamwita Jaffari. Hapo ndipo Agness alipolazimika kumwambia ukweli kwamba Jumatano alidanganya. Jaffari hakukasirika. Alikuwa na shughuli ya kujizuia asicheke.

"Mzee wa Kisondela yule mrefu, mwenye koti la kahawia? Aliyekuwa akimuuzia marehemu baba kahawa? Namjua kabisa. Si Ambakisye!"

Agness aliziba masikio akakimbilia nje, akasimama chini ya bati la Safina kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ndilo?" Jaffari akapaza sauti.

Agness akatingisha kichwa akiwa ametazama barabara.

"Haya. Herufi tisa. Mwaka ni namba nne. Kumi na tatu, inakubali. Sasa, mwaka gani?"

Hakuna aliyejua, hata Agness aliyekuwa amerudi ndani. Wazee wenyewe hawaulizwi miaka, na mkwe ndiye wa mwisho kuuliza. Jaffari akafikiri kwamba mzee ni mkubwa kidogo kuliko marehemu baba yake. Akaandika 1950.

Umekosea. Imebaki mara moja.

Wote watatu wakaondoa mikono mezani.

Saa tisa mvua ikashuka, ile ya Tukuyu isiyopiga hodi. Bati likaanza kelele. Na katikati ya kelele hizo, nje ya mlango, mtu akakohoa mara tatu, polepole, kwa nafasi.

Agness alikijua kikohozi hicho. Baba mkwe mwenye heshima zake hukohoa hivyo kabla ya kuingia, ili anayetakiwa kujificha ajifiche.

Aliruka nyuma ya pazia la kitenge, kwenye marundo ya karatasi, akajikunja.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mzee. Shikamoo," Safina akasema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, kijana. Ee, mvua hii. Nataka kopi moja tu."

"Ya nini, mzee?"

"Ya kitambulisho cha taifa."

 Jaffari alimtazama Safina. Safina akanyoosha mikono miwili akakipokea kitambulisho kile kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Lakini mashine ya kopi anayeiweza ni Agness peke yake. Safina alibonyeza kitufe cha kijani, ikanguruma, ikanyamaza.

Nyuma ya pazia rula ya Agness ikagonga ukutani: ko, ko.

Safina akafungua trei ya pili. Hakuna kitu.

Ko, ko, ko. Halafu pigo moja la nguvu.

Safina akaelewa. Akaipiga mashine kofi la ubavuni. Ikatoa karatasi.

"Nini kinagonga huko?" mzee akauliza.

"Panya, mzee."

"Panya?"

"Wapo wengi hapa. Karatasi, si unajua."

Mzee Ambakisye akalitazama pazia kidogo. Akakaa kwenye benchi.

"Panya wa mjini wamesoma," akasema. "Wanagonga kwa hesabu."

Safina akaishika kopi, akaisoma kwa sauti ya kumfikia Jaffari na kulifikia pazia. "Mzee, kumbe wewe ni wa mwaka hamsini na mbili! Bado kijana!"

Jaffari akasogeza mkono kwenye kompyuta.

"Uongo," mzee akasema.

Mkono wa Jaffari ukasimama.

"Mimi ni wa arobaini na tisa. Hao wamenipunguzia miaka mitatu. Mama yangu alinizaa mimi mwaka wa arobaini na tisa, mvua za masika, na wala hakukosea."

Hapo palikuwa pagumu. Hamsini na mbili au arobaini na tisa? Na nafasi ni moja. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa kumi. Jaffari akamtazama Safina, Safina akalitazama pazia, pazia likatetemeka.

Nampenda Safina kwa alichofanya. Alikunja kopi taratibu, akampa mzee, akauliza kama mtu anayepiga soga tu ya mvua.

"Pole, mzee. Sasa nani alikuandikia uongo huo?"

"Nani mwingine? Lugano! Mwanangu mwenyewe! Ndiye aliyejaza ile fomu. Akaniambia, tata, baba yangu, ukionekana kijana watu watakupa kazi za kamati. Mpaka leo ukimuuliza miaka yangu anakwambia hamsini na mbili. Ameshaamini uongo wake."

Rula ikagonga mara moja. Ko!

Jaffari akaandika, herufi tisa na namba nne. Akafumba macho. Akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Safina alijiziba mdomo kwa ushungi. Jaffari akainua dole gumba kuelekea kwenye pazia.

Lakini bado. Kulikuwa na barua ya kusoma, na fomu ya maswali ambayo mwenyewe tu ndiye aliyejua majibu: mwaka wa kumaliza chuo, namba ya cheti, mambo hayo. Na mzee alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye kompyuta, mvua imefunga mlango.

Wakasubiri. Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo.

Joto la miili na kelele za bati vikamwelemea mzee. Kichwa kikainama. Kofia ikashuka puani. Akaanza kukoroma.

Pazia likafunguka kidogo.

Agness alitoka kinyumenyume, kanga kichwani mpaka usoni, akitembea kwa kupapasa. Jaffari akampisha kiti. Akakaa akiwa amempa mzee mgongo, akaandika. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Kila mkoromo ukikatika, vidole vinasimama. Ukirudi, vinaendelea.

"Bibi," aliniambia, "miaka minne nimeolewa, sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Nilimwonea huruma. Anakoroma kama mtoto mwenye mafua."

Barua ilisema usaili ni Jumatatu saa tatu asubuhi, kituo cha parachichi Kisondela, mbele ya kamati ya watu watatu. Majina ya kamati hayakuandikwa. Akathibitisha saa kumi na dakika arobaini.

Safina akamnong'oneza, "Rudisha ile ya rangi. Ikukumbukie. Au kila ukitaka kuingia humu utaniita nikutajie mkwe wako?"

"Ya buluu haina kosa," Jaffari naye akanong'ona. "Ilikaa kimya kama ilivyoambiwa. Anayedanganya fundi ndiye mwenye kosa."

Agness akafikiri. Ya rangi ilikuwa imebeba jina lile miaka miwili bila yeye kulitaja, lakini ndiyo hiyo hiyo iliyombebesha mume wa watu. Ya buluu haikumbuki siri ya mteja, lakini haitamsaidia kulikwepa jina.

"Weka zote mbili," akasema mwisho. "Ya buluu ya wateja, wakae waandike, wakiondoka waondoke na yao. Ya rangi nifichie mahali pangu mwenyewe, nifungue mimi tu. Kazi yake iwe moja. Ibebe jina la yule mzee, mimi nisilibebe."

"Umechagua vizuri," Jaffari akasema. Akaanza kushughulika.

Mkoromo ukakatika.

Agness hakuwa na muda wa kufika kwenye pazia. Aliingia chini ya meza, katikati ya nyaya na miguu ya Jaffari.

"Mvua imepungua?" mzee akauliza, akipangusa macho.

"Inapungua, mzee," Safina akasema. "Ulilala kidogo. Na hiyo kopi, kama si siri, unaipeleka wapi?"

"Siri gani! Jana wamenichagua. Lugano alikuwa na haki, ukiwa kijana unapewa kamati." Akacheka, akavaa kofia vizuri. "Pale kituo chetu cha parachichi wanatafuta karani wa kompyuta. Jumatatu tunawahoji. Tuko watatu, mimi ndiye wa wakulima. Wakasema kila mwanakamati alete kopi ya kitambulisho."

Chini ya meza, Agness alilishika goti la Jaffari akaliminya. Jaffari akauma mdomo.

"Hongera, mzee," Safina akasema.  "Na... mnawajua wanaokuja?"

"Majina tumepewa ya baba zao tu. Mimi simjui hata mmoja. Na swali langu nimeshaliandaa, moja tu." Mzee akainua kidole. "Msimu uliopita karani aliandika jina langu vibaya kwenye mizani, kilo zangu zikaenda kwa mtu mwingine. Nikamwita aliandike upya, hakuweza hata kuniangalia, anaangalia simu. Kwa hiyo Jumatatu kila mmoja atasimama mbele yangu, aniangalie usoni, alitaje jina langu lote, halafu aliandike. Akishindwa, aende nyumbani kwao."

 Mvua ikakatika.

Mzee Ambakisye alisimama, akaikunja kopi mara nne, akaitia kwenye koti la kahawia. Mlangoni akageuka. Alilitazama pazia la kitenge, halafu, sijui kwa nini, akatazama chini ya meza.

"Mwambie panya wako, ndaga fijo, asante sana, kwa kopi," akasema. Akaenda zake.

Agness aliniuliza kama mzee alijua. Nimemwambia sijui. Na kama alijua, je, alikuwa anamfukuza au anamwandaa? Nalo sijui. Ninachojua ni kwamba jina alilolificha kwenye kompyuta Ijumaa ile lilikuwa linamsubiri Jumatatu mdomoni, na kule kwenye kamati hakuna vidoti.

Jioni ile alifunga duka mapema. Alipika, akamlisha Nelson, akamlaza. Simu ikalia ujumbe, Lugano amepata mtandao: "Vipi, uliingia? Jina si unalijua." Hakujibu. Alizima taa, akavuta blanketi mpaka kichwani, maana Tukuyu baada ya mvua si mchezo.

Huko chini ya blanketi, ambako hakuna wa kumsikia, alijaribu. Midomo ilifika kwenye herufi ya kwanza, ikaiacha wazi hiyo a, ikagoma kuendelea. Akavuta pumzi ajaribu tena, na usingizi ukamkuta hapo hapo, mdomo wazi.